Tufe Lililokataa Kutoka Mkononi mwa Mmadi Kinyozi

Ninyi vijana mnaocheza petanki siku hizi mna viatu vya raba, mna kamba za kupimia zinazojikunja zenyewe, na mkikosa mnalaumu uwanja. Sawa. Hata sisi tuliulaumu uwanja. Lakini mmeniomba niwaeleze habari ya kichwa, maana mnasema mkono mnao, macho mnayo, ila siku ya mashindano kuna kitu kinaingia kichwani na mchezo wote unaharibika. Mmenijia mimi kwa sababu nimetunza uwanja na kufundisha mchezo huu tangu Mfaransa yupo mpaka magoti yakanigomea. Mmedhani ninajua. Basi niwaambie ukweli kabla hatujafika mbali: habari ya kichwa sijaielewa mpaka leo. Ninachoweza ni kuwasimulia yaliyompata Mmadi kinyozi, mpigaji bora niliyepata kumwona, na ninyi mtafute maana yake. Mkiipata, njooni mniambie.

Mimi ni Mngazija wa Unguja. Wazee wangu walitoka Ntsoudjini, hapo kaskazini mwa Moroni, wakaenda Unguja kutafuta maisha, nami nikazaliwa huko. Nilipoanza kuota ndevu nikarudishwa kwa baba mdogo nikaijue asili yangu. Siku ya kwanza Moroni nilimpisha mwanamke mmoja kwenye kichochoro, akaniambia, "Marahaba." Nikashtuka. Kwetu Unguja marahaba ni jibu la shikamoo, na mimi sikuwa nimemwamkia. Nikadhani ananisuta kwa kukosa adabu, nikageuka upesi, "Shikamoo, mama!" Akanitazama kama aliyeona mbuzi amevaa kofia. Kumbe kule marahaba ni ahsante. Maisha yangu Ngazija yalianza hivyo, kwa kutoelewa, na sioni kama yalibadilika sana.

Baba mdogo akanitafutia kazi kwenye klabu ya maafisa wa Kifaransa. Nyuma ya klabu palikuwa na uwanja wa petanki. Kazi yangu ilikuwa kuusawazisha kwa reki, kuyafuta matufe ya chuma yasile kutu kwa hewa ya chumvi, na kupima kwa kijiti wakubwa wanapobishana, nao walibishana kila jioni. Aliyenifundisha mchezo alikuwa fundi mitambo mmoja kutoka kisiwa cha Reunioni, tulimwita Mosye Polo. Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Unatupa kitufe kidogo cha mti, kisha kila upande unajitahidi matufe yake yakae karibu nacho kuliko ya wenzao. Anayelipeleka tufe polepole likatulie karibu, huyo ni msogezaji. Adui akishaweka lake pazuri, anaitwa mpigaji: yeye hulirusha hewani likaligonge lile la adui na kulifukuza. Wa kwanza kufika pointi kumi na tatu ndiye mshindi. Unasimama ndani ya duara lililochorwa chini, miguu pamoja, na ukishaachia huna la kufanya tena ila kutazama.

Kile kitufe, Wafaransa wanakiita kwa jina ambalo maana yake ni kinguruwe. Tulilitamka muda mrefu bila kujua, mpaka siku Polo alipotueleza huku akicheka. Faki, msogezaji wa timu yetu ya mjini, alikuwa amekishika. Alikitupa kama kaa la moto, akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko. Tangu hapo tukakiita kitoto, na hivyo ndivyo nitakavyokiita.

Polo alinifundisha mengi ambayo bado yana faida. Msogezaji asikitazame kitoto, atazame mahali anapotaka tufe lianguke. Changarawe nyeusi ya Moroni, ambayo ni mawe ya mlima wa moto yaliyosagika, inalimeza tufe, kwa hiyo lirushe juu lianguke karibu. Udongo mwekundu ulioshindiliwa wa Mutsamudu, kwenye kisiwa cha Nzuwani, haumezi kitu. Tufe likigusa tu linakimbia kama mwizi, kwa hiyo lipeleke chini na lianguke mbali. Tufe likienda kulala lipake mafuta ya nazi, likiamka lioshe kwa majivu, la sivyo litakuteleza. Lakini nilipomuuliza habari ya kichwa alisema, "Kichwa kiache nyumbani." Nikamuuliza kinaachwaje. Akaenda zake kunywa maji.

Sasa Mmadi. Alikuwa kinyozi karibu na msikiti wa Ijumaa, mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mwanamke mfuma kofia. Mtoto akitimiza siku saba, nywele alizozaliwa nazo aliitwa Mmadi azinyoe, na mama hata hakusimama kuangalia. Mnajua utosi wa mtoto mchanga ulivyo laini, unauona ukipiga kama moyo. Mtu anayekabidhiwa pale na wembe ameaminiwa na mji mzima.

Mkono ule ule ndio aliotupia tufe. Sisi watu wa mji tulijitengenezea uwanja wetu, upande wa njia ya Ntsoudjini, tukacheza baada ya sala ya alasiri. Mmadi alisimama kwenye duara, akatazama, mkono ukaenda nyuma ukarudi, na kabla hujajua, tufe la adui halipo, na la Mmadi limekaa mahali pake kama mgeni aliyemtoa mwenyeji kitini. Sikuwahi kumfundisha lolote. Nilimwoshea matufe tu.

Jioni moja alikuja kututazama Mzee Bakari wa Mutsamudu. Huyu alikuwa msimamizi wa wapagazi wa bandari kule Nzuwani, mtu wa makamo, mabega kama mlango, akiinua mkono wapagazi wote wanasimama. Ndiye pia aliyekuwa mkuu wa timu yao, na kila mwaka timu yake na yetu zilikutana. Alikuwa amekuja Moroni kwenye harusi. Alimtazama Mmadi akipiga mara kadhaa bila kukosa, kisha akamwendea, akamshika mkono, akasema maneno kwa Kinzuwani. Kinzuwani na Kingazija si kitu kimoja, na mzee alisema kwa sauti ya chini. Mmadi alikamata nusu, mimi robo. Mzee akanigeukia, maana alikuwa amefanya kazi melini akajifunza Kiswahili Unguja.

"Mwambie hivi," akasema. "Anapoliachia tufe, anakuwa anavuta pumzi au anatoa?"

Nikalitafsiri. Mmadi akatabasamu, akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akatazama mkono wake. "Sijui," akasema.

Mzee Bakari akamtazama sana. Kisha akatikisa kichwa, akatuaga, akaenda harusini.

Mmadi akachukua tufe, akaingia kwenye duara. "Ngoja nitazame," akasema. Mkono ukaenda nyuma, ukarudi, tufe halikutoka. Akacheka, nasi tukacheka. Akajaribu tena. Safari hii lilitoka kwa kuchelewa, likaanguka hatua moja mbele yake, karibu na kidole gumba cha Faki. Faki aliruka kama jogoo. Tukacheka sana. Mmadi hakucheka.

Sitaki mniulize mimi huwa navuta au natoa. Usiku ule nililala chali nikiwaza jambo hilo hilo, na kesho yake hata reki ilinishinda kuivuta vizuri. Faki naye alianza kusimama kwenye duara na mashavu yamejaa hewa kama mpiga zumari. Lakini sisi ilitupita baada ya siku chache, kama mafua. Mmadi haikumpita.

Alikuwa akisimama, mkono unakwenda, unarudi, na vidole vinakataa kufunguka. Vilikuwa vizima, maana nje ya duara aliokota sindano kwa vidole vile vile. Nikamwambia afumbe macho: akarusha tufe kwenye paa la bati la jirani. Nikamwambia aimbe kaswida: ilifaa siku mbili, kisha akawa anasubiri mahali pa kuachia katika beti na beti zikaisha tufe likiwa bado mkononi. Nikamwambia atumie mkono wa kushoto. Nao ukaambukizwa! Mtu anielezee hilo, mkono ambao haujawahi kucheza umejuaje kugoma? Mama yake akasema ni jicho, kwa kuwa mgeni alimsifu bila kumtaja Mungu. Daktari wa Kifaransa akampa vidonge vya kulala. Akalala vizuri, akaamka mkono ni ule ule. Polo, nilipomfuata, akaniambia amewahi kuona jambo kama hilo kwao, kwa mchezaji mmoja hodari. "Akaponaje?" nikauliza. "Alihamia kwenye kuvua samaki," akasema Polo.

Baadhi yenu mtasema, si mchezo tu? Siku moja Hadija, mke wa Mmadi, alinijia uwanjani. Alisimama kando, shiromani imemfunika mpaka machoni.

"Shemeji," akaniambia, "umeshasikia ya leo?"

"Sijasikia."

"Ameitwa kumnyoa mtoto wa jirani, siku zake saba. Ameshika wembe, ameuweka juu ya utosi, akasimama. Amesimama tu. Mtoto alikuwa analia, akanyamaza. Watu wazima ndio wakaanza kulia. Mwisho akauweka wembe kwenye sahani akasema hawezi. Ametoka kwa mlango wa nyuma, shemeji. Sasa mji mzima unajua. Toka adhuhuri hakuna aliyekaa kwenye kiti chake."

 Nilimuuliza kama Mmadi amekula.

"Kula? Anashika kikombe cha chai ananiuliza nimtazame, anavuta au anatoa. Mume wangu amesahau kunywa chai." Akafuta macho kwa ncha ya shiromani. "Nyinyi na mipira yenu ya chuma. Mmemchukulia mkono wake, mrudishieni."

Nikampeleka Mmadi kwa Fundi Abdallah, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mkali ambaye hakuupenda mchezo wetu na hakuwahi kutuficha hilo. Nilitarajia atukemee. Badala yake alimsikiliza Mmadi mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Umewahi kumwona mtu anayetawadha halafu akawa na shaka, akarudia, akawa na shaka tena, mpaka jamaa wameshamaliza kusali yeye bado yuko kwenye birika?"

"Nimewahi."

"Yule si kwamba hajui kutawadha. Ni wasiwasi. Unakuja na swali zuri, la mtu mwenye dini: je, mkono umelowa sawasawa? Na ukilijibu, unaleta la pili. Dawa yake ni moja. Usiujibu. Uupite, uendelee na sala yako na shaka zako."

Niliona nimepata dhahabu. Nikamwambia Mmadi, "Umesikia? Usilijibu swali." Mmadi akasema, "Nimesikia. Lakini ili nisilijibu, lazima nikumbuke kwamba sitakiwi kulijibu." Tukarudi nyumbani. Maneno ya Fundi Abdallah yalikuwa ya kweli, nayaamini mpaka leo, na hayakufaa kitu. Sasa neno la kweli linawezaje lisifae? Mimi hapo ndipo nilipopotelea, na sijapata njia ya kurudi.

Wakati wa kwenda Mutsamudu ukafika. Nilimwambia Mmadi abaki. Akakataa. "Nisipokwenda," akasema, "watu watasema mkono umekufa. Mpigaji akifa mkono anakaa kando anatazama wenzake. Kinyozi akifa mkono anakula nini?" Basi tukapanga: Faki atapiga, ingawa hakuwa mpigaji, na Mmadi atasogeza, kwa kuwa tufe la kusogeza unaweza kulisukuma kwa kiganja chini chini hata vidole visipofunguka vizuri. Ilikuwa mbinu mbovu, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Mutsamudu walitupokea kwa heshima ya kutuua. Tulishushwa kwa mashua, tukapitishwa kwenye vichochoro vyao vya mawe, vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, na kila mlango sahani inatoka. Mtu akikulisha wali wa nazi namna ile kabla ya mchezo, ujue anakupenda au anakuogopa. Mzee Bakari alitukumbatia mmoja mmoja. Alipofika kwa Mmadi alimshika kwa muda, akamtazama usoni, akataka kusema neno, akaacha. Faki akaninong'oneza, "Umeona? Anapima kama sumu yake imeingia." Nami nikaamini. Tangu jioni ile ya Moroni nilikuwa nikijiuliza kama swali lile lilikuwa la mtu mjuzi au la mtu mwovu, na siku ile nikaamua ni mwovu.

Uwanja wao ulikuwa karibu na bandari, udongo mwekundu, ukuta mfupi upande wa bahari. Wapagazi wote walikuja. Jambo moja lilitushangaza: Mzee Bakari, aliyekuwa mpigaji wao miaka yote, hakupiga. Alikaa kwenye benchi ameshika bega, mpwa wake akapiga badala yake. Faki alikasirika. "Anatudharau. Anaona watoto wanatutosha."

Basi hasira ikatupa nguvu. Faki alipiga kwa kubahatisha, lakini bahati ilikuwa yetu. Mimi nilisogeza vizuri, udongo mwekundu niliujua. Mmadi alisukuma matufe yake kwa kiganja kama anayefukuza kuku, watu wakacheka. Hivyo hivyo tukapanda nao pointi kwa pointi mpaka tukawa kumi na mbili kwa kumi na mbili.

Raundi ya mwisho, mpwa wa Mzee Bakari aliweka tufe lake likagusa kitoto. Liligusa kabisa, hata karatasi isingepita. Faki alipiga akakosa, akapiga akakosa. Yangu yaliisha. Wao wote walikuwa wamemaliza. Likabaki tufe moja mkononi mwa Mmadi, na pale hapakuwa na kusogeza. Ni kupiga au kushindwa.

Mmadi akaingia kwenye duara. Wapagazi walikuwa wakipiga kelele, wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Mkono ukaenda nyuma, ukarudi, ukasimama. Ukaenda, ukarudi, ukasimama. Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni. Mtu mmoja akacheka nyuma, mwingine akamkanya. Na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa sivuti wala sitoi.

Mmadi akashusha mkono. Akatoka kwenye duara, tufe analo, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye benchi la Mzee Bakari. Nilimkimbilia, nikidhani atampiga nalo. Hakumpiga. Alisimama mbele yake, akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha alichojifunza kwangu:

"Mzee. Uliniuliza. Jibu ni nini?"

Mzee Bakari akainua uso. "Jibu?"

"Kuvuta au kutoa. Niambie. Nimechoka."

 Mzee akauondoa mkono wake begani, ule aliokuwa akijifanya unauma, akauweka gotini.

"Mwanangu," akasema, "mimi ningejuaje? Huu mkono wangu hauachii. Tangu kabla ya ile harusi. Siumwi bega, ninaona haya. Nilipokuona Moroni nikasema, huyu ndiye, huyu atakuwa anajua. Nikakuuliza. Ukaniambia hujui. Nikadhani umeninyima."

Wapagazi hawakukielewa Kiswahili vizuri. Wakaanza kuulizana, amesema nini, mzee amesema nini? Hapo Mzee Bakari akasimama, mtu yule ambaye kwa kuinua mkono bandari nzima ilisimama, akawageukia watu wake na kuyarudia yote kwa Kinzuwani, polepole, bila kuacha neno. Hata mimi safari ile nilielewa. Hakuna aliyecheka. Mpwa wake aliinamisha kichwa.

Nilimtazama Mmadi nione kama atakasirika. Alikuwa na miezi ya kukasirikia. Lakini mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Bakari naye akaanza. Wakawa wanacheka wawili, sisi wengine tumesimama kama watu waliochelewa msibani wasijue nani amekufa.

Akarudi kwenye duara bado anacheka. Hakutazama vizuri, hakupanga miguu. Mkono ukaenda nyuma, ukarudi, na tufe likatoka. Likatoka! Likapanda juu, likapita juu ya kitoto, juu ya matufe yote, juu ya vichwa vya wapagazi, likapita ukuta, tukasikia chubwi baharini.

Tulishindwa. Tufe letu lilizama, na yale yalikuwa matufe mazuri. Wapagazi walishangilia, Faki alikaa chini na kuinamia magoti yake, na Mmadi alikuwa katikati ya uwanja anaufungua na kuufumba mkono wake, anautazama kama mtu aliyerudishiwa kitu na mwizi. Nikamwendea nikamwambia, "Mmadi, tumeshindwa." Akasema, "Umeona lakini? Limetoka." Nikasema, "Nimeona. Limetoka sana."

Miaka ya baadaye nilidhani nimepata dawa. Nikasema, kumbe siri ni kuyasema hadharani! Alipokuja kwangu mchezaji mwingine mwenye ugonjwa ule, nilimsimamisha mbele ya watu akatangaza kwamba mkono wake hauachii. Alitangaza vizuri sana. Akazidi kuwa mbaya, na sasa watu wote wanajua. Basi si hiyo. Mmadi mwenyewe alirudi kupiga, lakini si kama zamani. Siku nyingine lilitoka, siku nyingine halikutoka, akampokeza Faki akaenda kukaa. Nilimuuliza mara nyingi ni nini kilichobadilika. Alisema, "Sijui, na siulizi." Mzee Bakari hakupiga tena maishani mwake. Watu wawili, ugonjwa mmoja, siku moja ya kucheka, na mmoja akapona nusu na mwingine hakupona. Mwenye elimu aje anifunulie.

Kwa hiyo mkinitaka niwape kanuni ya kichwa, sina. Tufe lipakeni mafuta, lioshwe kwa majivu. Chagueni mahali pa kuangukia. Mwenzenu akishikwa, msimkusanyikie na dawa kama nilivyofanya mimi, kaeni naye. Zaidi ya hapo nitakuwa natunga.

Ila kuna asubuhi ya kuondoka Mutsamudu, ambayo nimeiacha mpaka sasa kwa sababu ndiyo ninayoifikiria zaidi. Tulikuwa tumefunga mizigo yetu kwenye nyumba tuliyofikia. Mashua ilikuwa inangoja bandarini itupeleke kwenye meli. Mara tukasikia mbao zinagonga mawe kichochoroni. Ni Mzee Bakari, amebeba kiti mwenyewe, taulo begani. Akakiweka kiti katikati ya njia, pale pembamba, hata wanawake waliokuwa wakipita na ndoo wakalazimika kusimama. Akakaa. Akafungua vifungo vya kanzu shingoni.

"Mmadi," akaita. "Njoo uninyoe ndevu."

Mmadi akatoka mlangoni. Akamtazama, akatazama watu waliokuwa wakijaa pande zote mbili. "Mzee," akasema, "umesikia habari zangu za Moroni? Za yule mtoto?"

"Nimesikia. Zimefika mpaka huku."

"Na bado?"

"Ninayo shingo moja tu," akasema Mzee Bakari, "kwa hiyo ifanyie taratibu."

Akainua kidevu juu, akafumba macho.

Mmadi alirudi ndani akaleta wembe, bakuli la maji na sabuni. Aliunoa wembe kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akampaka mzee povu, akamshika paji la uso kwa vidole viwili, na akauweka wembe chini ya sikio. Nikaona mkono umesimama. Watu wote wakaona. Mwanamke mmoja akafunika macho yake kwa kiganja. Mzee hakufumbua macho wala hakukaza shingo. Mkono ukaanza kushuka. Tuliusikia wembe ukikwaruza ndevu, polepole, mpaka kwenye taya, ukapanguswa, ukarudi juu.

Alipomaliza upande mmoja kichwa cha mzee kililemea kwenye kiganja chake. Nikaogopa, nikainama kutazama. Alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo, katikati ya njia, mji mzima umesimama.

Bandarini nahodha akapiga honi. Faki akachukua mizigo, akasema tutaachwa. Akaja mvulana anakimbia kutuambia mashua inaondoka. Mmadi hakugeuka. Alikuwa amekisogeza kichwa cha mzee kwa upole upande wa pili, akichovya brashi kwenye sabuni.

"Mwambieni angoje," akasema. "Nina mteja."